Dansi ya kupona isiyotonesha kidonda

Swali: "Tuko wachezaji sita, sote weusi, sote kwia, yaani watu ambao mapenzi au jinsia yao iko nje ya ile inayotarajiwa. Tunatunga onyesho la dakika 40 kuhusu kupona kwetu na ulimwengu huru tunaouwaza. Sasa ni wiki ya nne ya mazoezi na tumekwama. Kila tukipitia sehemu ya maumivu kuna anayelia, na mwenzetu mmoja ameshajitoa. Sehemu ya mwisho, ile ya uhuru, inatoka bapa: tunatabasamu, tunanyanyua mikono, basi. Tumekosea wapi?"

Poleni na kazi, na poleni kwa mwenzenu aliyejitoa. Mmetaja matatizo mawili, lakini yana mzizi mmoja. Mlianza na kidonda, mkautarajia uhuru uje wenyewe mwishoni kama tuzo ya kuvumilia. Kwa wiki nne maumivu yamefanyiwa mazoezi: yana hatua, yana hesabu, yana miili inayoyajua. Uhuru haujafanyiwa mazoezi hata siku moja, na jukwaani mwili hutoa kile ulichozoeshwa. Kwa hiyo geuzeni mpango. Tungeni kwanza ulimwengu mnaoutaka, muuchezee mpaka uwe na uzito, ndipo mrudi kwenye maumivu mkiwa na mahali pa kusimama.

Watu weusi wa kwia nchini Marekani walifanya hivyo tangu zamani, na inafaa mjue mnasimama juu ya mabega ya nani. Katika miaka ya 1880, mjini Washington, William Dorsey Swann, mtu aliyezaliwa utumwani, alikuwa akikusanya wanaume weusi, baadhi yao waliowahi kuwa watumwa, waje kucheza wakiwa wamevaa magauni ya hariri. Polisi waliwavamia tarehe 12 Aprili 1888. Mwaka 1896 alihukumiwa kifungo cha miezi kumi kwa shtaka la kuendesha danguro, shtaka la uongo, naye akamwandikia Rais Cleveland kuomba msamaha. Alinyimwa. Dansi mojawapo ya mikutano ile ni keki-woki, iliyoanzia kwa watumwa waliokuwa wakiiga kwa kejeli mwendo wa maringo wa mabwana zao, na mshindi akipewa keki. Watu hawa walikuwa na mateso ya kutosha kuyachezea usiku kucha. Walichokiweka sakafuni badala yake ni chumba ambamo wao ndio wenye kuamua nani mrembo na nani mshindi.

Miaka mingi baadaye, Harlem, mtaa wa watu weusi mjini New York, jambo lilijirudia. Crystal LaBeija alipinga hadharani matokeo ya shindano la urembo la mwaka 1967 mjini New York, akisema waamuzi huwapendelea washiriki weupe. Mwaka 1972, yeye na Lottie LaBeija waliandaa mashindano ya wenyewe kwa wenyewe chini ya jina la Nyumba ya LaBeija. Kutoka hapo ukakua utamaduni wa bolrumu: nyumba zenye mama na baba, vijana waliofukuzwa kwao wakipata ukoo mpya, na dansi ya vogi, inayoiga mikao ya wanamitindo. Angalieni jinsi ulimwengu ule ulivyojengwa. Una vitengo vya kushindania, una meza ya waamuzi, una alama ya kumi, una utaratibu wa kutolewa. Uhuru wao ulikuwa na kanuni zinazoonekana kwa macho.

Kuna kitengo kimoja pale cha kutazamwa kwa makini: mshindani hutembea kama mkurugenzi wa kampuni, au kama mwanafunzi wa kawaida, na hupewa alama kwa kadiri ambavyo mtaani asingetambulika kuwa kwia. Hilo ni wazo la maisha mengine na ni ngao pia, kwa sababu kutotambulika kulimaanisha kufika nyumbani salama. Lina mpaka wake, hata hivyo. Linauwazia ulimwengu uleule uliopo, na mlinzi wa mlango ni yuleyule. Kwa onyesho lenu ningelitumia kama hatua ya kupitia, nisiishie hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kaeni chini na kuandika kanuni tatu za ulimwengu wenu, tatu tu. Kila kanuni iwe jambo ambalo mwili unaweza kulitenda au kushindwa kulitenda. "Tunapendana" haichezeki. "Hakuna anayebeba uzito wake peke yake kwa zaidi ya hesabu nane" inachezeka: ndani ya kila hesabu nane, yaani mapigo manane ya kuhesabu hatua, kila mchezaji lazima awe amempa mwenzake uzito au ameupokea, kwa mgongo, bega au kiganja. Nyingine: "Anayetaka kulala hulala, na dansi humzunguka." Nyingine: "Anayeongoza hubadilika bila kuombwa." Zenu zitakuwa tofauti, na ni lazima ziwe zenu.

Chezeni kila kanuni dakika 15 bila muziki, mkijirekodi kwa simu iliyosimamishwa pembeni. Muziki uacheni kwanza, kwa sababu ngoma nzuri huufanya mkono wowote ulionyanyuliwa uonekane huru, nanyi mtadanganyika. Mkitazama rekodi, tafuteni mahali ambapo kanuni imeuma: pale mtu alipolazimika kubadili njia, kusubiri, kuinama, kubeba. Hayo ndiyo ya kuhifadhi. Sehemu ambazo kila mtu anacheza vizuri bila kanuni kumgusa zitupeni, hata kama zinapendeza.

Chukueni kanuni ya kulala. Siku ya kwanza anayelala huwa hakai chini hata sekunde kumi. Huona aibu, anahisi anawaangusha wenzake, anainuka. Msimkemee wala msimwambie alale zaidi, rudieni tu. Siku ya tatu au ya nne atakaa dakika mbili, pumzi yake itashuka hadi tumboni, na hapo wenzake wataanza kubadilika. Hatua zao zitapungua kelele karibu na kichwa chake. Mmoja atamruka kwa kunyoosha mguu juu yake polepole, mwingine atajifunza kugeuka kwa kisigino badala ya kupiga unyayo. Mtazamaji akiona watu weusi watano wakilinda usingizi wa wa sita bila kuacha kucheza, hahitaji kuelezwa uhuru ni nini. Na hakuna hata mmoja wenu aliyehitaji kutabasamu.

Kipimo ni hiki: waiteni watu wawili wasiojua mnachotunga, waonyesheni dakika tano, kisha waulizeni, "Huku mlikoona kuna sheria gani?" Wakijibu "mmefurahi sana", rudini kazini. Wakijibu "huku mtu haachwi", mmefika.

Kama mnataka mfano wa mwisho wa furaha usiokuwa bapa, tazameni kazi ya Alvin Ailey, mtunzi wa dansi mweusi wa Marekani, iitwayo Revelations, iliyoonyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1960. Inaanza na kundi lililoshikana, mikono imetandazwa kama mabawa mazito. Inaishia kanisani, wanawake wamevaa njano, wana kofia, wana vipepeo vya mkononi na viti vidogo, na wanajipepea wakipashana habari kama waumini siku ya joto. Furaha ile inasimama juu ya kiti, kipepeo, jua na umbea wa kanisani. Ondoeni vitu hivyo, mtabaki na tabasamu, yaani mlipo sasa.

Tuje kwenye maumivu. Mchezaji akicheza kisa chake mwenyewe kila zoezi, kwa wiki nane atakuwa amekirudia mara kadhaa kwa kila juma, tena mbele ya watu, huku akihesabu hatua na kurekebishwa mkono. Kukumbuka kwa namna hiyo hakuponyi. Ni kutonesha kidonda kabla hakijafunga. Dawa ya kiutunzi ni kutenganisha mwenye kisa na mwenye kukicheza.

Fanyeni hivi. Mwenye kisa asikisimulie. Atoe vitendo vitatu tu vya mwili, vifupi, kwa dakika zisizozidi nne: labda kushika kitasa, kugeuza shingo, kufunga kifungo. Mwenzake avijifunze bila kuuliza maana yake. Kisha vigeuzwe: virudiwe kwa kasi ya robo, vihamishwe sakafuni, vielekezwe nyuma badala ya mbele. Mwenye kisa akae kiti cha mtazamaji, na ana haki ya kufuta kitendo chochote wakati wowote bila kutoa sababu. Mara nyingi hapo ndipo kitu hulegea ndani yake, kwa kuwa kwa mara ya kwanza anakiona kitu kile kikiwa nje, kimebebwa na mtu mwingine, kina mwanzo na mwisho.

Bill T. Jones, mtunzi mwingine wa dansi wa Marekani, alikwenda njia inayofanana na hiyo alipotunga Still/Here, mwaka 1994, miaka sita baada ya mwenzake wa maisha na kazi, Arnie Zane, kufa kwa UKIMWI. Aliendesha warsha katika miji kadhaa na watu wenye magonjwa ya kutishia uhai, akawaomba wachore mstari wa maisha yao na kuutafutia miondoko. Jukwaani miondoko ile ilichezwa na wachezaji wa kundi lake, na wale wa warsha walionekana kwa video na kusikika kwa sauti. Mhakiki Arlene Croce alikataa kwenda kuiona, kisha akaandika katika jarida la The New Yorker kwamba sanaa ya namna ile, ya wahanga kujionyesha, haihakikiki. Nanyi mtaambiwa hivyo siku moja. Jibu lenu liwe katika utunzi: mwondoko uliogeuzwa, uliopimwa na uliochezwa na mtu mwingine ni kazi ya sanaa na unaweza kuhakikiwa kama kazi nyingine yoyote.

Ratiba ya siku nayo ina uzito. Kwa zoezi la saa mbili na nusu: dakika 25 za kupasha mwili moto, 20 za ufundi mgumu miili ikiwa bado mibichi, 30 za sehemu ya maumivu, 15 za mapumziko yenye maji na kitu cha kutafuna, 40 za ulimwengu wenu mpya, na 20 za kufunga. Maumivu yasiwe kamwe kitu cha mwisho kabla ya mtu kurudi nyumbani. Dakika 20 za kufunga ndizo zinazoibwa kila mazoezi yakichelewa, na zikiibwa siku tatu mfululizo mtaona machozi yakirudi. Afadhali mkate ufundi.

Kubalianeni ishara moja ya kutoka, kiganja kifuani kwa mfano. Anayeitoa anaondoka sakafuni, hafuatwi, haulizwi, anarudi akitaka. Mtu mmoja asiyecheza siku hiyo awe na kazi ya kutazama tu. Atazame macho yaliyoganda, pumzi iliyopanda juu kifuani, mtu anayeitwa jina asisikie. Akiona hivyo asimamishe zoezi. Msimkumbatie mwenzenu kabla ya kumwomba ruhusa. Msimwambie avute pumzi ndefu, kwa sababu aliyeshikwa na hofu huvuta hewa kupita kiasi akazidi kupata kizunguzungu. Mwambieni atoe pumzi taratibu, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona. Hali ikijirudia wiki hadi wiki, au asipolala usiku, aonane na mtaalamu wa afya ya akili. Dansi inasaidia sana, lakini mtunzi wa miondoko si tabibu, na kuwabebesha wenzenu kazi hiyo kunawavunja wote.

Mwanzo na mwisho wa kila zoezi nawapendekezea duara. Watumwa wa pwani ya Georgia na South Carolina waliabudu kwa duara lililokwenda kinyume cha saa, nyayo zikikokotwa, fimbo ikipiga sakafu, wengine wakipiga makofi na kuitikia. Miguu haikupishana, kwani kuipisha kulihesabiwa kuwa ni dansi, na dansi kanisani ilikatazwa. Walipata ngoma ndani ya katazo lenyewe. Msiuige mtindo wao kama pambo. Chukueni umbo lake. Watu sita, duara la upana wa mita nne hivi, magoti yamelegea, unyayo hauachi sakafu, mapigo yaanze kama 80 kwa dakika na kupanda taratibu hadi 110 ndani ya dakika kumi. Likienda mrama ni kwa sababu mbili: duara linasinyaa kwa kuwa kila mtu anatazama katikati, au watu wanapata kizunguzungu. Tiba ya yote mawili ni kutazama mgongo wa aliye mbele yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha mwaka 2015 kwamba watu wanaocheza kwa kwenda sawa huvumilia maumivu zaidi na kujihisi karibu zaidi na wenzao kuliko wasiokwenda sawa. Wazee wa Georgia walilijua hilo bila maabara.

Ufundi mmoja wa vogi unastahili nafasi katika sehemu yenu ya kupona: ule mwanguko uitwao dipu. Katika muziki wa vogi kuna kishindo kinachopiga kila pigo la nne, na mchezaji huanguka juu yake, mguu mmoja umekunjwa chini, mwingine umenyooka hewani, mgongo sakafuni. Watazamaji hupiga kelele kwa furaha. Fikirini maana yake kwa mwili ambao umewahi kusukumwa chini: huu ni mwanguko ulioamuliwa na mwenyewe, kwa wakati wake, na kuinuka kumo ndani yake tayari.

Lakini dipu huvunja watu wanaoiruka kwa pupa. Kinachofanyika kwa kweli ni kushuka. Nyonga inateremka karibu na kisigino, kiganja kinagusa sakafu nyuma, uzito unapita kando ya paja hadi nyama ya mgongo wa juu, na kidevu kiko kifuani muda wote ili kisogo kisiguse chini. Anayejitupa hutua kwa kifandugu au kisogo. Anayeacha goti lililokunjwa lijipinde kuelekea ndani huumia kano za goti. Wiki ya kwanza mfanye mkiwa mmekaa sakafuni tayari, mkilala na kuinuka. Wiki ya pili mtoke kwenye kuchuchumaa. Wiki ya tatu mtoke wima, na kuzunguka kuje mwisho kabisa. Dipu kumi kwa mtu kwa siku zinatosha. Sakafu iwe ya mbao inayobonyea, iliyotandikwa vinili. Juu ya zege msifanye hata moja. Kwa mwenye goti bovu dipu inaweza kuishia kwenye kuchuchumaa huku mwenzake akimpokea mgongo, na kwa onyesho lenu hiyo huenda ikawa nzuri zaidi.

Mpangilio wa dakika 40 ningeuweka hivi. Dakika tisa za kwanza, ulimwengu wenu huru na kanuni zake, umetulia, kana kwamba umekuwepo siku zote. Dakika sita, unapasuka: kanuni zinaanza kukosewa moja baada ya nyingine. Dakika 11, vile vitendo vilivyogeuzwa. Dakika 14 za mwisho, kanuni zinarudi, na mojawapo inavunjwa mbele ya watu kisha inarekebishwa bila onyesho kusimama. Mkianza na maumivu, mtazamaji atayasoma kama bei ya uhuru. Mkianza na uhuru atajua tangu dakika ya kwanza nini kilichoibwa, na atauona ukirudi mikononi mwa wenyewe.

Jaribio la mwisho kabla ya ufunguzi waonyesheni watu weusi wa kwia peke yao. Watawaambia ambacho wengine hawatakiona, hasa pale mnapojieleza kwa mtu asiyekuwemo chumbani. Siku ya onyesho, watu waketi pande tatu, njia ya kutokea iwe wazi na yenye mwanga, giza la ghafla lisizidi sekunde tano. Maswali ya watazamaji yasianze mara baada ya kuinama; wapeni wachezaji dakika 20 za kufunga duara lao kwanza. Kundi la dansi la Urban Bush Women, lililoanzishwa na Jawole Willa Jo Zollar mwaka 1984, huifundisha kazi ya kijamii kwa hatua za kuingia, kujenga na kutoka, na hii ya kutoka ndiyo wengi huisahau.

Ruhusa ziwe kwa maandishi, na kila kitu peke yake: uso kwenye picha, jina kwenye kijitabu, kisa kwenye mahojiano, video mtandaoni. Mtu anaweza kukubali kucheza na kukataa kutajwa. Ailey alipofariki Desemba 1989, UKIMWI ulifichwa kwenye taarifa ya kifo chake kwa matakwa yake mwenyewe, ili kumkinga mama yake. Aliyewapa watu wake moja ya picha kubwa za wokovu jukwaani alihitaji bado kujificha. Msimdharau yeyote kati yenu anayehitaji hivyo leo.

Na mwenzenu aliyejitoa: amwandikie mmoja wenu, si wote sita, na msimwombe arudi. Mwulizeni kama vitendo vilivyotokana na kisa chake vibaki au viondolewe. Akisema viondolewe, viondolewe siku hiyohiyo, hata kama sehemu nzima inabomoka. Akinyamaza, hesabuni kuwa amekataa. Mwambieni pia mmebadili namna ya kufanya kazi na mweleze namna hiyo kwa sentensi mbili tatu, halafu mwachieni kiti siku ya jaribio.